Likizo ya Pangani na Saa ya Bahari

Katika shule yetu wengi wetu ni watoto wa bara. Tukisikia mwenzetu anakwenda likizo pwani, humwambia, "Una raha wewe! Utakula samaki, utaogelea, utalala." Mimi nami nilidhani hivyo hivyo. Kwetu ni Kondoa, na mpaka nilipofika kidato cha tatu sikuwahi kuiona bahari ila katika ramani iliyotundikwa ukutani, ambamo bahari ni rangi ya buluu tu, haisogei wala haipigi kelele.

Desemba iliyopita nilikaa Pangani siku kumi na nane kwa mjomba wangu, pamoja na mdogo wangu aliye darasa la tano. Samaki nilikula, na usingizi nilipata. Lakini pia nilikaribia kumpoteza mdogo wangu huyo, kwa sababu ya jambo ambalo tulikwisha kufundishwa katika Jiografia, na ambalo mimi mwenyewe nililijibu vizuri katika mtihani. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kulieleza hapa, ili mwenzangu atakayebahatika kwenda pwani apumzike kwa raha na arudi kwao salama.

KUFIKA PANGANI

Tulilala Tanga usiku mmoja, na kesho yake tukapanda basi la Pangani. Safari ni ya kilometa hamsini hivi kuelekea kusini. Njiani tuliona mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama askari wa gwaride, kisha minazi, kisha minazi tena. Mdogo wangu alikuwa akihesabu minazi, hata akachoka akalala.

Tulifika saa tisa mchana. Mjomba alitupokea kituoni, akatuchukua moja kwa moja mpaka ukingo wa bahari kabla hata hatujaweka mizigo nyumbani. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na mizizi ya minazi, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukivuma taratibu. Sikusema neno. Mdogo wangu aliuliza, "Mjomba, ng'ambo yake iko wapi?" Mjomba akacheka, akasema, "Ukienda moja kwa moja, mwanangu, utafika Bara Hindi au Indonesia; chukua chakula cha kutosha."

Pangani ni mji mdogo uliotulia, uliojengwa mahali mto Pangani unapoingia baharini. Maji ya mto huo hutoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, husafiri kilometa mia tano hivi, na kufika hapa yakiwa na rangi ya udongo. Upande wa pili wa mto ni Bweni, na watu huvuka kwa chombo. Katika karne ya kumi na tisa mji huu ulikuwa mkubwa kwa biashara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni, ya watumwa. Hapa ndipo palipoanza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, ukiongozwa na Abushiri bin Salim, na hapa hapa ndipo Abushiri aliponyongwa mwezi wa Desemba 1889. Nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga bado zipo, nyingine zimesimama, nyingine zimechoka. Jioni wazee hukaa barazani wakinywa kahawa, na mgeni akipita hana budi kutoa salamu, maana pale salamu si jambo la kupita nalo mbio.

Mke wa mjomba ni mwenyeji wa huko, nasi tulimwita Mama. Baba yake, ambaye tulimwita Babu, alikuwa mvuvi tangu ujana wake, na sasa amestaafu, ila kila alfajiri huenda ufukoni kutazama maji kama mtu anayekwenda kusoma gazeti.

BAHARI ILIYOKIMBIA

Asubuhi ya kwanza tulikula mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, kisha kiasi cha saa tatu tukakimbilia ufukoni. Bahari haikuwapo! Mahali tulipoyaacha maji jana palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi, majani ya bahari na mitumbwi iliyolala ubavu. Maji yalionekana mbali sana kama uzi mweupe. Wanawake walikuwa wakitembea mahali ambapo jana mtu mzima angezama. Mdogo wangu alinishika mkono akaniuliza, "Kaka, imeharibika?"

Nilimweleza habari za kupwa na kujaa kwa maji kama nilivyozikumbuka kutoka darasani: mwezi huvuta maji, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Nilijiona mwalimu kamili. Sikujua kwamba kulijua jambo kwa maneno na kulijua kwa miguu ni vitu viwili mbalimbali.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha kweli. Asubuhi tulitembea mchangani tukiokota makombe matupu. Mchana jua lilipokuwa kali tulikaa chini ya minazi, nikasoma kitabu, mdogo wangu akachonga kingalawa kwa kipande cha mti. Wakati wa kula tulipewa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Mama hakukubali mtu aseme ameshiba kabla ya sahani ya pili. Kila siku alituonya, "Tembeeni ufukoni mpendavyo, lakini msivuke mkondo kwenda kwenye fungu kabla ya kumwuliza Babu." Tuliitikia, "Ndiyo, Mama," kama watoto wote wanavyoitikia.

SIKU YA TANO

Fungu lenyewe ni kilima kirefu cha mchanga kilichochanganyika na miamba, ambacho maji yakipwa huonekana mbali kidogo na ufuko. Kati ya fungu na ufuko pana mkondo, yaani bonde ambalo halikauki kabisa. Siku ya tano tulitembea kaskazini ya mji, tukaliona fungu liko wazi, na watu wawili watatu wakiokota chaza juu yake. Ilikuwa saa tano. Mkondo ulitufikia magotini tu. Babu hakuwa karibu, nami nikajisemea kwamba jambo la magotini halina haja ya kuuliza. Tukavuka.

Huko kwenye fungu palikuwa na mambo ya ajabu kwa mtoto wa Kondoa. Tuliona viti vya pweza vyekundu na vya kahawia. Tuliona majongoo bahari yamelala kama soseji. Tuliona kaa wadogo wanaokimbia upande upande, na samaki wa rangi ya buluu waliofungiwa katika kidimbwi wakingoja maji yawarudie. Kila kidimbwi kilituita kwenye kidimbwi kingine. Wale waokota chaza waliondoka. Tuliwaona wakienda, wala hatukujiuliza kwa nini.

Saa nane kasorobo mdogo wangu alisema ana njaa. Tuligeuka. Fungu lilikuwa limepungua, lakini bado lilikuwa pana, na mbele yetu upande wa bahari kuu maji yalikuwa bado mbali. Ndiyo maana sikuogopa mpaka tulipofika kwenye mkondo. Pale palipokuwa magotini sasa palinifikia kifuani, na maji hayakuwa yamesimama. Yalikuwa yakienda kwa nguvu kama mto. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni, nikapiga hatua nne, nikasikia mchanga unatoka chini ya nyayo zangu. Nilirudi nyuma. Mimi sijui kuogelea, naye hajui. Kikapu chetu cha makombe na viatu vyangu vilichukuliwa, navyo sikuviona tena.

Tulipanda mahali palipoinuka tukapiga kelele. Kila nilipotazama chini, mchanga ulikuwa mdogo kuliko pale mwanzo. Mdogo wangu hakulia, aliniuliza tu, "Kaka, maji yatafika hapa?" Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu lilikuwa swali la Jiografia.

Mungu si Athumani. Mvuvi mmoja alikuwa akirudi na ngalawa yake, akatuona. Alitupigia ukelele, "Simameni hapo hapo! Msiingie majini!" Alishusha tanga, akaja kwa upondo, akatupakia. Alipotufikisha ufukoni hakutaka asante ndefu. Alisema tu, "Mwambieni mliyefikia kwake awafundishe mwezi," akaenda zake.

MAFUNZO YA BABU

Niliporudi nyumbani nilimwendea Babu mwenyewe, maana niliona aibu kungoja habari zimfikie kwa wengine.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nguo zimelowa. Mwezi una siku ngapi leo?"

Nikasema sijui.

"Mlipovuka, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tano, Babu."

"Hiyo saa ya mkononi umeijua, ya bahari hukuijua," akasema. "Bahari haina habari na saa yako."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Jioni ile, baada ya chakula, alinikalisha barazani akanifundisha, nami nikachukua daftari. Nimeyaweka mafunzo yake pamoja na yale ya darasani, kwa sababu niliona ni kitu kimoja kilichosemwa kwa ndimi mbili.

Kwanza, sababu. Mwezi huvuta maji ya bahari. Maji huinuka upande wa dunia unaoelekea mwezi, na pia upande ulio kinyume chake. Na kwa kuwa dunia huzunguka, kila mahali hupita katika miinuko hiyo miwili. Kwa hiyo maji hujaa mara mbili, na toka kujaa mpaka kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Mwezi nao hauwi mahali pale pale kila siku. Huchelewa kwa wastani dakika 50. Basi na maji huchelewa dakika hizo hizo. Hii ndiyo sababu mgeni huchanganyikiwa: leo anakuta ufuko mkavu saa nne, na juma lijalo saa nne hiyo hiyo anakuta maji yamejaa.

Pili, nguvu. Jua pia huvuta maji, ingawa nguvu yake ni pungufu ya nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja. Ndipo maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huyaita maji hayo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta pande mbalimbali, na maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo huitwa maji mafu. Katika pwani yetu bamvua hupandisha maji kiasi cha meta tatu na zaidi toka kupwa mpaka kujaa, yaani zaidi ya urefu wa mlango wa darasa letu. Sisi tulivuka siku ya pili baada ya mwezi kuandama, katikati ya bamvua. Kwa ujinga wangu nilichagua siku mbaya kuliko zote.

Tatu, mwendo. Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilidhani maji hujaa kwa mwendo mmoja kama ndoo chini ya bomba. Sivyo. Kujaa huchukua kama saa sita. Gawanya maji yote yatakayoingia mafungu kumi na mawili yaliyo sawa. Saa ya kwanza huingia fungu 1. Saa ya pili mafungu 2. Saa ya tatu 3. Saa ya nne 3. Saa ya tano 2. Na saa ya sita 1. Tuchukue mfano wa maji yanayopanda meta 3.6. Saa ya kwanza hupanda sentimeta 30 tu, na mtu husema, "Aa, bado." Saa ya pili hupanda sentimeta 60. Saa ya tatu hupanda sentimeta 90, na saa ya nne 90 nyingine. Yaani nusu nzima ya maji yote huingia katika saa hizo mbili za katikati. Siku ile maji yalikauka kabisa kama saa tano na dakika 40. Tulipogeuka saa nane kasorobo zilikuwa zimepita saa mbili na dakika chache: maji yalikwisha kupanda kama sentimeta 90, na yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kukimbia. Kama tungekawia saa moja zaidi, fungu lote lingefunikwa, nami nisingekuwapo kuandika makala haya.

Nne, njia ya maji. Maji hayaji kwa mbele peke yake. Hupita kwanza katika mabonde na mikondo, kwa sababu ni ya chini, na hivyo hukuzunguka kwa nyuma wakati wewe unatazama mbele na kuona bahari iko mbali. Babu alisema, "Adui yako hakuwa mbele, alikuwa kati yako na nyumbani."

Tano, hesabu. Katika sehemu hizo, siku mwezi unapoandama na siku unapopevuka, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Hilo ukilishika, mengine ni kuongeza dakika 50 kwa kila siku. Mfano: siku ya nne baada ya mwandamo ongeza mara nne dakika 50, yaani saa 3 na dakika 20. Maji yatajaa kama saa moja na dakika 20, na kupwa kama saa saba na dakika 20. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa maana siku nyingine maji huchelewa zaidi na nyingine pungufu; bandarini yako majedwali yenye saa kamili, na siku hizi hata simu huonyesha. Lakini simu huzimika, na mwezi upo.

KUTALII KWA WAKATI WAKE

Tangu siku ile Babu alinipa kazi: kila tulipotaka kwenda mahali, mimi ndiye niliyepaswa kusema saa ya kuondoka na saa ya kurudi, naye hukubali au hutikisa kichwa.

Siku ya kumi maji yalikuwa mafu, na yalijaa asubuhi kama saa nne. Babu akatupeleka kwa mtumbwi ndani ya mikoko iliyo kando ya mto. Ni msitu unaosimama majini. Mkoko wenyewe hujishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama vidole, ili ipate hewa, kwa kuwa tope halina hewa. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Hurefuka kama rula, kisha hudondoka na kujichomeka topeni, au huelea mpaka ipate pa kukaa. Mizizi hiyo huvunja nguvu ya mawimbi, hukamata udongo usichukuliwe, na kuwaficha samaki wadogo na kamba mpaka wakue. Mtu anayekata mikoko yote kwa kuni, alisema Babu, amekata na mchuzi wake wa kesho.

Safari iliyonigusa zaidi ilikuwa ya Maziwe, siku ya kumi na sita. Babu alinitaka nihesabu. Zilikuwa zimepita siku 13 tangu mwezi kuandama. Siku 13 mara dakika 50 ni dakika 650, yaani saa 10 na dakika 50. Nikaongeza juu ya saa nne asubuhi, nikapata saa mbili na dakika 50 usiku. Nikarudi nyuma saa 12 na dakika 25, nikapata saa mbili na dakika 25 asubuhi. Nikasema, "Babu, tuondoke saa kumi na mbili alfajiri." Akatazama mwezi uliokuwa karibu kupevuka, akasema, "Nahodha amesema saa hiyo hiyo." Sijapata alama katika mtihani iliyonifurahisha kuliko maneno hayo.

Tulikwenda kwa mashua ya tanga, sisi na Babu na nahodha. Tulipofika, katikati ya bahari palikuwa na mgongo mweupe wa mchanga, hauna mti, hauna jani, ndege wachache tu wamesimama. Tulishuka. Maji ya pembeni yalikuwa maangavu, na matumbawe yalionekana chini kama bustani.

"Hapa palikuwa kisiwa," Babu akasema. "Nilipokuwa kijana tulipumzika kivulini. Ilikuwako mivinje mirefu iliyoonekana tangu Pangani."

Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti, na fuko zake zilijulikana sana kwa kasa waliokuja kutaga mayai. Miti ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikafa, na mawimbi yakaula mchanga mwaka hata mwaka. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwisha, likabaki fungu ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa jike akikomaa hurudi kutaga katika sehemu alikozaliwa, na mayai yake hukaa mchangani kama miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Kasa wa Maziwe waliendelea kurudi, nao hawajui kwamba mahali pao hapapo tena. Wakitaga hapo, bahari huyafunika mayai na kuyaua. Kwa hiyo wanakijiji walio walinzi wa kasa huyafukua mayai kwa uangalifu, huyapeleka kwenye ufuko wa Ushongo, kusini ya Pangani, na kuyafukia mahali maji hayafiki, mpaka watoto watoke na kutambaa kwenda baharini. Wakati wa kurudi tulipita Ushongo, pwani tulivu yenye minazi na mchanga mweupe, tukaonyeshwa mahali penye uzio mdogo wa vijiti.

Nilisimama Maziwe nikalikumbuka lile fungu letu. Tofauti ni kwamba sisi mtu alituona kwa wakati.

Hatukukaa huko zaidi ya saa moja. Maji yalipoanza kugeuka, mimi ndiye niliyesema, "Babu, twende."

Siku ya kuondoka, mjomba alitusindikiza mpaka Tanga, na njiani tukashuka kuona magofu ya Tongoni. Pana msikiti wa kale na makaburi mengi ya mawe ya matumbawe, mengine yaliyokuwa na nguzo ndefu. Nguzo nyingi sasa zimeanguka. Mjomba alitueleza kwamba mwezi wa Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama ilikwama katika mafungu ya sehemu hizo, ikangoja maji yajae ndipo ikaelea. Januari 1499, katika safari ya kurudi kwao, waliichoma moto merikebu hiyo pwani hiyo hiyo, kwa kuwa mabaharia wengi walikwisha kufa na waliosalia hawakutosha kuiendesha. Mdogo wangu akasema, "Hata wao hawakumwuliza Babu!" Tulicheka sana.

MAONYO MACHACHE

Kwa mwenzangu atakayekwenda pwani nasema hivi:

1. Ukifika, uliza kwanza, "Mwezi una siku ngapi, na leo maji yanapwa saa ngapi?" Mwenyeji hatakucheka, atajua una akili.

2. Toka wakati maji yanapopwa, na anza kurudi kabla hayajageuka. Ukiona wenyeji wanaondoka, ondoka nao.

3. Kila mara geuka nyuma utazame mkondo ulio kati yako na nchi kavu.

4. Vaa viatu, na katika maji mafupi buruta miguu badala ya kukanyaga, maana taa hujifukia mchangani, naye ana mwiba mkiani.

5. Ukichukuliwa na mkondo usishindane nao. Elea, inua mkono, na ujisogeze upande upande mpaka utoke katika nguvu yake.

6. Usivunje matumbawe, wala usichukue kombe lenye mwenyewe ndani.

7. Waambie watu wa nyumbani unakokwenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengine huvunjika zaidi ya guu.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa, nao walikuwa wakiwafariji watu wenye shida. Mimi nimejifunza na upande wake wa pili: maji yakipwa hujaa, wala hayamsubiri mtu. Nimerudi shuleni nimenenepa kidogo, nimekuwa mweusi zaidi, sina viatu vyangu vya zamani, na mdogo wangu yuko salama darasani kwake. Usiku nikitoka bwenini hutazama juu kabla ya kutazama saa. Hapa kwetu hakuna bahari, lakini najua maji ya Pangani wakati huo yako wapi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu